Dhahabu inachomwa jikoni, mtoto analia miguu: je, ni sumu ya zebaki?

*"Daktari, shikamoo. Tunaishi karibu na mwalo wa kuchenjulia dhahabu katika Mkoa wa Geita. Mume wangu huchenjua dhahabu, na tangu mvua zianze amekuwa akiichomea ndani, kwenye jiko la mkaa tunalopikia, kwa sababu nje kumelowa na pia anaogopa wezi. Mwanangu wa miaka minne kwa wiki kama sita sasa analia kwamba mikono na miguu inamwaka moto. Viganja na nyayo zimekuwa nyekundu na zinachunika, anatoka jasho jingi, anakimbia mwanga, hataki kutembea na usiku halali. Ametibiwa malaria mara mbili na kupewa dawa ya minyoo. Baba yake naye mikono inatetemeka, fizi zinatoka damu, na amekuwa na hasira ambazo sikumjua nazo. Jirani anasema ni mekyuri, yaani zebaki, tunywe maziwa kila siku na tuache dagaa wa ziwani. Mama mkwe anasema tumerogwa. Kuna mtu anauza dawa ya kusafisha sumu yote mwilini kwa wiki moja. Mimi nanyonyesha mtoto wa miezi minane. Tufanye nini?"*

Marahaba, mama. Nitakupa kwanza yale ya kufanya leo, kisha ndiyo nieleze sababu zake. Dhahabu isichomwe tena ndani ya nyumba, hata mara moja, na jiko hilo lisipikiwe tena. Watoto wote wawili walale mahali pengine, kwa ndugu au jirani asiyechoma dhahabu, mpaka nyumba ishughulikiwe kwa namna nitakayoeleza hapo chini. Kesho asubuhi mpeleke huyo wa miaka minne hospitali, ikiwezekana ya rufaa ya mkoa, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe hii: "Nyumbani tunachoma dhahabu kwa zebaki." Usisubiri aulize. Homa, jasho na kilio cha mtoto katika eneo lenye malaria humpeleka tabibu yeyote kwenye malaria kwanza, na hilo si kosa lake; lakini sentensi hiyo moja itabadilisha vipimo vyote atakavyoagiza.

Siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa kusoma barua. Hata hivyo, dalili za mwanao na za baba yake, zikiwekwa kando ya jiko hilo, zinafanana mno na sumu ya mvuke wa zebaki, kiasi kwamba ningeuchukulia kuwa ndio ugonjwa mpaka vipimo viseme vinginevyo.

Mchenjuaji anapokanda zebaki na mchanga wenye dhahabu, hupata donge ambalo karibu nusu yake ni zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka ifike 1064, na ndiyo maana moto wa mkaa huifukuza ya kwanza na kuiacha ya pili. Zebaki hiyo haipotei. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na moshi mnaouona si kipimo chake. Sehemu ya mvuke huvutwa na waliomo chumbani. Sehemu nyingine ikipoa hurudi kuwa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, vikatua juu ya mabati, kuta, chandarua, godoro na sakafu ya udongo. Kuanzia hapo vitone hivyo huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo hata kwa joto la kawaida la mchana, na kwa hiyo nyumba inaendelea kuwadhuru hata siku ambazo hapachomwi kitu.

Mtu akivuta mvuke huo, asilimia 80 hivi huingia kwenye damu kupitia mapafu. Kwa kuwa mvuke wa zebaki hupita kirahisi kwenye mafuta, unavuka ukuta unaolinda ubongo, na kwa mama mjamzito unavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ukishaingia, kemikali za mwili huugeuza kuwa zebaki yenye chaji ya umeme, ambayo haiwezi tena kuvuka ukuta ule kurudi ilikotoka. Ni kama samaki aliyeingia dema. Zebaki ya namna hiyo hushikamana na salfa iliyomo katika protini na vimeng'enya, ikavizuia kufanya kazi yake. Ubongo, mishipa ya fahamu na figo ndivyo vinavyoumia zaidi.

Hapo ndipo nielezee jambo ambalo nadhani linamsumbua mama mkwe wako, maana hoja yake ina mantiki yake: inakuwaje watu wa nyumba moja waugue kwa wakati mmoja, kila mmoja ugonjwa wake? Jibu ni kwamba sumu hii ina sura tofauti kwa umri tofauti. Kwa mtu mzima aliyevuta kiasi kidogo kwa muda mrefu, dalili huanza na kutetemeka kwa vidole, kope na midomo, kisha mwandiko huharibika, fizi huvimba na kutoka damu, mate huwa mengi, kinywa huhisi ladha ya chuma. Pamoja na hayo huja mabadiliko ya tabia: hasira za ghafla, aibu isiyo ya kawaida, usahaulifu, kukosa usingizi, kukata tamaa. Mume wako anapokugombeza kwa jambo dogo, inawezekana unayemsikia ni mgonjwa. Utafiti wa afya uliofanywa chini ya Umoja wa Mataifa katika eneo la Rwamagasa, hukohuko Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwakuta wachomaji wa donge wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Kwa mtoto mdogo sura ni nyingine kabisa. Zebaki huzuia mwili usiivunje adrenalini na kemikali za jamii yake, zikarundikana. Ndiyo maana mtoto hutoka jasho kana kwamba amekimbia, moyo humwenda mbio, shinikizo la damu hupanda, viganja na nyayo huwa nyekundu, huvimba, huwasha na kuchunika, mwanga humuumiza macho, misuli hulegea hata asitake kutembea, na huwa analia bila kubembelezeka. Madaktari wa Uingereza na Australia waliuona ugonjwa huu kwa maelfu ya watoto katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 bila kujua chanzo chake, hadi ilipobainika kwamba unga waliopakwa watoto wanaoota meno ulikuwa na chumvi ya zebaki. Unga huo ulipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa nao ukafifia. Si kila mtoto aliyevuta zebaki huupata. Kwa hiyo kutokuwa na dalili kwa huyo wa miezi minane hakumaanishi kwamba yu salama, naye pia apimwe.

Ukifika hospitali, omba mtoto apimwe shinikizo la damu kwa mkanda wa ukubwa wa mtoto. Nasisitiza hilo kwa sababu watoto wa umri huo hupimwa presha mara chache sana katika vituo vyetu, na presha iliyopanda sana ni dharura inayoweza kuleta degedege. Daktari pia atataka kuhakikisha kwamba si upele wa kawaida, surua, au homa ya Kawasaki, ambayo nayo hufanya viganja vichunike, na atapima mkojo kuona kama una protini, ishara kwamba figo zimeguswa. Ningeomba jambo moja la ziada: mtoto apimwe pia madini ya risasi kwenye damu. Mawe ya dhahabu ya baadhi ya maeneo yana risasi ndani yake, na mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa vumbi la risasi baada ya mawe ya dhahabu kusagwa majumbani. Kama karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, iko karibu na nyumba yenu, kipimo hicho kina umuhimu uleule.

Kipimo cha zebaki iliyovutwa ni mkojo. Damu huonyesha zaidi yaliyoingia siku za karibuni, na nywele hufaa kwa zebaki ya kwenye samaki, si ya mvuke. Mkojo wa asubuhi uchukuliwe katika chombo safi kutoka hospitali, na baba aoge na kubadili nguo kwanza, kwa sababu chembe kutoka kwenye mikono ya mchenjuaji inaweza kuharibu majibu yote. Maabara ipime pia kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka kwa mkojo, ili mkojo mzito au mwepesi usipotoshe hesabu. Kwa kawaida, mtu asiyefanya kazi na zebaki huwa na chini ya mikrogramu 20 kwa lita moja ya mkojo, na wengi wako chini zaidi ya hapo; ikizidi 100, dalili za mishipa ya fahamu huwa jambo la kutarajiwa. Hata hivyo mtoto anaweza kuugua kwa kiwango cha chini kuliko hicho, kwa hiyo namba isimshinde mgonjwa. Hospitali nyingi hazina mashine ya kipimo hiki. Sampuli zinaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza, na daktari ndiye wa kuliomba hilo kwa maandishi. Akitokea mtu akataka kumpa mtoto dawa ya kuvuta metali kwanza ndipo apime mkojo, kataa. Dawa hizo hupandisha zebaki katika mkojo wa karibu mtu yeyote, na hakuna kiwango cha kawaida cha kulinganisha nacho.

Sasa tuje kwenye maziwa. Imani kwamba maziwa huua sumu imeenea sana nchini, na sikulaumu kwa kuisikiliza, lakini zebaki hii iliingia kwa njia ya mapafu na sasa imo kwenye ubongo na figo, mahali ambapo maziwa ya tumboni hayafiki. Mpe mtoto maziwa kwa ajili ya lishe, basi. Mkaa wa kunywa, ndimu, kitunguu saumu na kujitapisha navyo havisaidii. Ajabu ni kwamba zebaki yenyewe ikimezwa ikiwa kimiminika, mathalani mtoto akivunja kipimajoto mdomoni, sehemu isiyofikia hata asilimia 1 ndiyo huingia mwilini, iliyobaki hutoka na choo. Hatari ya kipimajoto ni vioo vyake, pamoja na zebaki iliyomwagika chini na kuachwa. Kitambaa chenye maji puani nacho hakizuii mvuke, wala barakoa za kawaida haziuzuii.

Kuhusu dagaa, jirani amechanganya sumu mbili. Zebaki ikifika majini, vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, inayopanda kutoka kwa viumbe vidogo hadi samaki wakubwa wanaokula wenzao. Hiyo ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambao ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini. Dagaa ni samaki wadogo, wenye maisha mafupi, walio chini kabisa katika mfuatano huo, na ni chakula bora kwa mtoto wako. Endelea kuwala. Kuwaacha dagaa huku jiko la dhahabu likiendelea kuwaka ndani ni kuziba ufa na kuuacha mlango wazi.

Tiba yenyewe ina sehemu mbili ambazo hazina uzito sawa. Ya kwanza, na kubwa, ni kuondoka kwenye chanzo. Mwili huitoa zebaki ya mvuke kwa mkojo na choo. Kwa wastani nusu yake hutoka ndani ya takriban miezi miwili, kisha nusu ya iliyobaki, na kadhalika. Ya pili ni dawa zinazoshika metali na kuitoa kwa mkojo. Zilizo bora kwa zebaki ni DMSA, ambayo humezwa, na DMPS. Ni kweli huongeza zebaki inayotoka, na mtoto mwenye dalili kama za mwanao ni miongoni mwa wale ambao wataalamu wengi wangewapa. Lakini lazima niseme wazi kwamba ushahidi kuwa dawa hizi hurudisha ubongo ulioumia ni mdogo, na akipewa mtoto anayerudi kulala katika nyumba ileile, zinakuwa kazi bure. Hazipatikani kila hospitali, kwa hiyo huenda mkapewa rufaa ya kwenda Bugando au Muhimbili. Dimekaprol, sindano ya zamani ambayo bado imo kwenye baadhi ya stoo, inaweza kusukuma zebaki zaidi kwenye ubongo, na mimi nisingeichagua kwa mvuke. EDTA ni dawa ya risasi, si ya zebaki. Presha, maumivu na usingizi wa mtoto navyo vina tiba zake, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyompa nafuu ya kwanza.

Huyo muuzaji wa dawa ya wiki moja anadai kufanya kile ambacho hata dawa za hospitali hazifanyi. Kama chupa yake ina mitishamba tu, mtapoteza fedha na muda. Kama ina dawa halisi ya kuvuta metali, ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa hizo bila usimamizi huweza kuumiza figo na kuondoa madini ambayo mwili unayahitaji. Nchini Marekani mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alikufa baada ya kudungwa EDTA ya aina isiyofaa, kalsiamu katika damu yake ikashuka ghafla. Na hiyo ilikuwa kliniki, si kibanda cha sokoni.

Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Zebaki kiasi fulani hupita kwenye maziwa ya mama, lakini kwake hewa ya chumba kile ni hatari kubwa zaidi, na faida za kunyonya ni nyingi mno kuziacha kwa kubahatisha. Wewe pia upimwe mkojo; kama kiwango chako kitakuwa cha juu sana au ukihitaji dawa, daktari ataamua nawe upya. Nikuulize na jambo ambalo hukulitaja: je, hutumii mkorogo, yaani krimu au sabuni ya kung'arisha ngozi? Baadhi yake zina zebaki, huharibu figo, na humfikia mtoto kwa kumbeba na kulala naye. Kama ipo, iwekwe kwenye mfuko na kupelekwa hospitali pamoja na mtoto.

Nyumba nayo inataka kazi ya makini. Milango na madirisha yafunguliwe mchana kutwa kwa siku nyingi. Msifagie vikavu, maana ufagio hutawanya vitone. Magodoro, chandarua na mapazia ya chumba kilichochomewa yatolewe yasitumike tena, najua ni gharama. Vyungu vya udongo na jiko lile vilevile. Sakafu ya udongo ikwanguliwe tabaka la juu na kuwekwa udongo mpya, kuta zifutwe kwa maji na sabuni kwa kitambaa kitakachotupwa, na kazi hiyo ifanywe na mtu mzima asiye mjamzito. Uchafu huo usimwagwe mtoni wala usichomwe moto. Ufungwe kwenye chombo kigumu, kisha mwulize afisa afya wa kata pa kuupeleka. Chupa ya zebaki, ambayo nyumba nyingi huiweka uvunguni mwa kitanda, itoke nje, ifunikwe barabara, na juu ya zebaki kuwe na maji kidogo yanayozuia mvuke.

Huenda mume wako akasita kwenda hospitali kwa kuhofia kukamatwa. Mwambie kwamba daktari haulizi leseni, na siri ya mgonjwa ni wajibu wake. Sitamwambia aache kazi inayowalisha, ningependa aibadilishe. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi ziondoe uchomaji wa donge mahali pa wazi na uchomaji wowote katika makazi ya watu. Retoti, chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kupoozea mvuke, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena, kwa hiyo inapunguza pia gharama yake ya kununua. Itumike nje, mbali na nyumba, na isifunguliwe kabla haijapoa kabisa, kwa sababu ikifunguliwa na moto humwaga mvuke wote usoni kwa mkupuo. Nguo za mwaloni zibaki mwaloni, na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Hata hivyo, kwa kipindi hiki anachotetemeka, asichome kabisa, hata kwa retoti. Mwenzake achome kwa niaba yake.

Yapo mambo yasiyosubiri asubuhi. Mtu yeyote akianza kukohoa, kubanwa kifua, kutetemeka kwa baridi au kupata homa saa chache baada ya dhahabu kuchomwa, apelekwe hospitali usiku huohuo kwa ajili ya oksijeni, hata kama ataonekana kupata nafuu kidogo, kwa kuwa mapafu yaliyounguzwa na mvuke huweza kuzidiwa siku ya pili. Vivyo hivyo mtoto akipata degedege, akizimia, akiumwa kichwa kikali, akivimba uso na miguu, au mkojo wake ukipungua.

Kwa mtoto, dalili hizi kwa kawaida hupungua taratibu katika wiki na miezi baada ya chanzo kuondolewa, usingizi na hamu ya kula vikitangulia na miguu ikifuata. Kwa baba, kutetemeka na hasira mara nyingi hupungua ndani ya miezi kadhaa, ingawa aliyevuta kwa miaka mingi anaweza kubaki na mabaki. Mkojo wa familia nzima urudiwe baada ya miezi miwili. Kama kiwango hakikushuka hadi karibu nusu, maana yake zebaki bado inaingia kutoka mahali fulani, na hapo mwite afisa afya akague tena godoro, chandarua, nguo za kazi na ile chupa.